Kamati ya Kuthibitisha Utupu

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wanaoishi humo wanaijua, na wasioishi humo waendelee kumshukuru Mungu. Inatosha kusema kwamba ilikuwa na bendera, wimbo, mawaziri mia moja na kumi na wawili, na Uwanja wa Utulivu, ambao ulikuwa umetulia kweli kweli kwa miaka kumi na moja, maana serikali iliumwagia lami na kuweka askari mlangoni.

Kabla ya lami ulikuwa uwanja wa mpira. Siku moja watu waliandamana kwenda hospitali kuu wakiwa na bango lililosomeka TUNAOMBA MAJI WODINI. Bango hilo alilishona Hemedi Mkwizu, fundi cherehani, mtu mpole ambaye hata akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Askari waliwaambia waandamanaji waingie uwanjani wakasikilizwe. Waliingia. Hakuna aliyewaona wakitoka. Wiki iliyofuata lami ikamwagwa, na redio ikatangaza kwamba wananchi arobaini na mmoja wamesafiri.

Wamesafiri kwenda wapi, redio haikusema. Lakini serikali ile ilikuwa na utu. Ilianzisha Wizara ya Wasafiri, na kila mwaka kila familia ilipokea barua yenye mhuri: "Ndugu yenu hajambo, anawasalimu." Ilitunga pia sheria ya kukataza kumlilia mtu aliye safarini. Mama Nambua, muuza vitumbua ambaye binti yake alikuwa muuguzi kati ya wale waandamanaji, alifungwa miezi mitatu kwa kosa la kuweka matanga kabla ya wakati. Alipomuuliza hakimu wakati wenyewe ni lini, akaongezewa mwezi.

Hemedi alikuwa na dada aitwaye Tatu. Mama yao alizipokea zile barua mwaka hadi mwaka, akazipanga chini ya godoro, na siku alipojua kwamba hataamka tena alimshika Tatu mkono akamwambia, "Nitafutie mwanangu umzike. Mimi nimechoka kusalimiwa."

Tatu aliahidi. Alikuwa fundi wa Idara ya Maji, na ahadi ya kutafuta kilichofukiwa haikuwa ngeni kwake. Ndiyo iliyokuwa kazi yake.

*

Idara ya Maji ilikuwa imepoteza mabomba yake. Ramani zililiwa na mchwa, na waliozichora walikwisha kustaafu. Kwa hiyo ilikuwa na mashine, kigari cha magurudumu matatu chenye sanduku tumboni na kioo kidogo kwenye mpini. Sanduku lilipeleka mawimbi ya redio ardhini. Yakikutana na bomba, jiwe au shimo, baadhi yalirudi juu, na kioo kikachora. Mwenye macho yaliyozoea aliweza kuusoma mchoro ule. Katika nchi nzima macho hayo alikuwa nayo Tatu peke yake, kwa sababu wenzake watatu waliopelekwa kusomea walirudi wakiwa wakurugenzi.

Ikatokea kwamba nchi ilipewa heshima ya kuandaa Michezo ya Kanda. Shirikisho la Michezo likaandika barua ya adabu: kabla jukwaa jipya la wageni halijajengwa upande wa kusini wa Uwanja wa Utulivu, wakaguzi wake wataomba kuona uthibitisho kwamba chini hamna kitu kitakachotitia. Uthibitisho ukipatikana, zege la futi nne litamwagwa kesho yake.

Tatu alisoma habari hizo gazetini. Alirudia mara mbili ile sehemu ya zege. Lami mtu anaweza kuibandua. Zege la futi nne, lenye nondo, na mawaziri wameketi juu yake, hakuna atakayelifukua.

Lami ikabanduliwa. Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuthibitisha Utupu, yenye wajumbe sitini. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Kibwana Fumbwe, Waziri wa Ardhi ya Chini. Waziri wa Ardhi ya Juu alikuwa shemeji yake. Kamati ilifanya kazi kwa bidii, ikaandika taarifa nzima, kurasa mia tatu, ikieleza jinsi uchunguzi ulivyofanyika na jinsi ambavyo hakikuonekana kitu. Kilichobaki kilikuwa uchunguzi.

Hapo Wizara ya Utangazaji ikaingilia kati. Kama mashine inapeleka mawimbi ya redio, basi inatangaza, na kama inatangaza, iko wapi ruhusa? Wakavutana wiki mbili. Mwishowe waliafikiana kwamba mashine itaruhusiwa kuwatangazia mizizi na wadudu tu, mradi kila siku ianze kwa wimbo wa taifa. Akatumwa ofisa wa kuchunguza maudhui. Akalala kifudifudi uwanjani, sikio chini, suti na tai, akaandika kwamba hakusikia uchochezi wowote.

*

Siku ya kuujaribu uchunguzi kabla wakaguzi hawajafika, Mheshimiwa Fumbwe aliletewa kochi katikati ya uwanja. Aliketi, akafunguliwa kuku mzima wa kuchoma, akaanza kumla, na kila mfupa aliomaliza kuunyonya aliutupa pale pale chini, kwenye ule udongo.

"Haya, Bi Tatu," alisema, mdomo umejaa. "Hebu sukuma tuone hakuna."

Tatu alisukuma. Alikuwa ametandaza kamba kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, naye akaifuata kamba hatua kwa hatua, kama anavyofuata bomba. Matabaka ya udongo yakajichora kiooni yakiwa yametulia, moja juu ya lingine, kama khanga zilizokunjwa sandukuni. Halafu yakakatika. Kwa upana wa kama hatua moja, matabaka yalikuwa yamechanwa na kurudishwa ovyo. Yakatulia tena. Yakakatika tena. Upana ule ule. Mara saba kwenye kamba moja.

Tatu aliendelea kusukuma mpaka mwisho wa kamba.

"Hayo mabaka ni ya nini?" Waziri alikuwa amesogea nyuma yake. Pumzi yake ilinuka kuku na pilipili.

"Ni udongo uliochimbwa ukarudishwa, Mheshimiwa."

"Nani aliuchimba?"

"Mashine haisemi nani."

"Ina adabu, basi." Alinyoosha mkono wenye mafuta, akachomoa pembeni mwa kioo kikadi kilichohifadhi michoro yote, akakitazama, akakitumbukiza kwenye bakuli la mchuzi alilokuwa ameshikiwa na msaidizi wake. "Sasa niambie kitu kimoja cha kitaalamu. Ni nini kinachoizuia isione?"

Tatu alikuwa fundi kwa miaka ishirini na miwili. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza swali la kitaalamu akakosa kulijibu, na hata siku ile mdomo wake ulitangulia.

"Maji ya chumvi, Mheshimiwa. Mawimbi yakikuta udongo uliolowa maji ya chumvi yanamezwa. Hayarudi."

"Yanamezwa," alisema Waziri, akalamba vidole kimoja kimoja. "Hayarudi. Safi sana. Mwanamke una akili wewe, kwa nini hujawa mkurugenzi?"

Tatu aliisukuma mashine mpaka nyuma ya ukuta wa choo cha uwanja, akaifunika turubai. Alikuwa na jicho moja tu la kumtafutia Hemedi, naye amelitoboa kwa ulimi wake mwenyewe.

*

Malori ya chumvi yakaanza kuingia. Nchi nzima ikakosa chumvi ya kupikia, na redio ikawaeleza wananchi kwamba chakula kisicho na ladha ni dalili ya uzalendo uliokomaa. Magari ya zimamoto yakapangwa kuzunguka uwanja, na siku nzima, kwa siku sita, maji ya chumvi yalimwagwa upande wa kusini. Nyumba mbili ziliungua mtaa wa pili. Ziliambiwa zisubiri.

Tatu aliamriwa asimamie. Siku ya kwanza alisimama kama mti. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu, akiwa anatazama maji yanavyotuama, aliona mahali ambapo hayakutuama. Kila pahali palikuwa na dimbwi, ila pale maji yalishuka haraka, na mapovu madogo yakapanda. Akatupa macho hatua mbili mbele. Napo mapovu.

Alipima kwa hatua nafasi kati ya mapovu na mapovu.

Kuna jambo ambalo kila mtu wa mabomba analijua, na ambalo hakuna mjumbe hata mmoja katika ile kamati ya watu sitini aliyepata kulijua, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kufukia shimo kwa mkono wake. Ukichimba mtaro na kulaza bomba, udongo haurudishwi wote kwa mkupuo. Unarudishwa shibiri moja, unamwagiwa maji, unashindiliwa. Shibiri nyingine, maji, unashindiliwa. Ukifanya haraka, kwa juu patakaa vizuri, utapita na gari. Siku maji yatakapoingia, patadidimia, na alama ya mtaro wako itaonekana hata na kipofu.

Waliofukia hapa walikuwa na haraka. Na lami ilikuwa imezuia mvua miaka yote kumi na moja.

Waziri alifika mchana kukagua, ameshikiwa mwavuli na watu wawili.

"Imetosha?"

"Bado, Mheshimiwa," alisema Tatu. "Udongo huu una kiu."

"Basi upewe! Upewe mpaka useme basi!" Aligeukia waandishi wa habari, akainua kidole. "Andikeni. Serikali hii haijawahi kumnyima mtu maji."

Tatu alimtazama. Alilitazama shavu lile nono, na punje ya wali iliyobaki kwenye sharubu. Aliwapungia mkono zimamoto waongeze.

*

Wakaguzi wa Shirikisho walikuwa watatu, wageni, wenye kofia na daftari. Walikaribishwa kwa mashada, ngonjera na wajumbe sitini waliovaa suti zinazofanana. Wimbo wa taifa ukapigiwa mashine. Tatu akaisukuma juu ya udongo uliolewa chumvi, kamba kwa kamba. Kioo kilionyesha rangi ya kijivu mwanzo hadi mwisho.

"Utupu!" alipaza sauti Katibu wa Kamati.

"Utupu!" waliitikia wajumbe, wakapiga makofi. Mmoja alilia kwa furaha, na hakukamatwa, kwa kuwa hakuwa akimlilia mtu.

Mkaguzi mkubwa alikunja uso, akainama akaonja udongo kwa ncha ya ulimi, akaandika jambo. Mheshimiwa Fumbwe akaona ni wakati wa kuuondoa ukimya. Alikuwa ameandaa gwaride la askari mia nne, lipite mbele ya jukwaa la muda, upande wa kaskazini.

"Mheshimiwa," Tatu alimnong'oneza, "kwa nini lisipite kusini? Wageni wataona ardhi ilivyo imara."

Waziri alimpigapiga begani. "Nimesema wewe una akili."

Askari mia nne walipita kusini. Walikuwa na buti nzito, na walikuwa wamefundishwa kupiga mguu chini kana kwamba ardhi imewakosea. Walikwenda, wakarudi, wakapiga mguu pale pale wakisubiri amri. Walishindilia vizuri kuliko kikosi chochote cha mabomba alichopata kukiona Tatu. Kazi iliyoachwa na wenzao miaka kumi na moja nyuma, wao waliimaliza kwa robo saa, kwa muziki.

Kamanda wa gwaride ndiye aliyezama kwanza, mpaka ugokoni. Alibaki amepiga saluti. Kisha ikasikika sauti ya chini, kama mtu mnene anapoketi kwenye godoro, ikafuatiwa na nyingine, na nyingine. Askari wakaruka huku na huko. Walipotawanyika kila mtu akaona. Kulikuwa na mabonde ya mstatili, urefu wa mtu, upana wa mtu, yamejipanga saba saba mpaka karibu na goli la kusini, na moja mwishoni peke yake.

Tatu aliyahesabu. Arobaini na matatu. Akahesabu tena. Wawili hakuna aliyewahi kuwaulizia.

Mkaguzi mkubwa aliuliza kwa upole, "Haya ni nini?"

Hapo ndipo Mheshimiwa Fumbwe alipoonyesha kwa nini alikuwa waziri. Hakubabaika hata kidogo.

"Miti!" alisema. "Mashimo ya miti! Tumeyatayarisha kwa siri kama zawadi kwa wageni wetu. Jukwaa letu litakuwa na kivuli."

"Miti iko wapi?"

"Inapandwa kesho saa nne asubuhi. Na wananchi. Kwa hiari yao. Mnakaribishwa."

*

Jioni ile, kabla jua halijatua, Tatu alipita nyumbani kwa Mama Nambua. Hakukaa. Alisema, "Mama, kesho njoo na jembe. Waambie wenzio," akaondoka.

Asubuhi polisi walijiandaa kwenda mitaani kukusanya watu wa kujitolea, kama desturi. Hawakufika mbali. Langoni walikuta foleni ya akina mama, wazee na vijana waliokua bila baba, kila mmoja na jembe lake, wameoga, wamevaa safi. Waziri aliposikia alifumba macho kwa furaha. "Uzalendo umerudi," alisema, akaingia hemani kunywa supu na wakaguzi.

Miche ilikuwa imerundikwa pembeni, mikavu kama vijiti vya mswaki; Waziri alikusudia ichomekwe juu juu tu. Idara ya Misitu ilimtuma karani wake aitwaye Kasembe, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, na daftari kubwa. Alisimama akawasomea kanuni, sauti yake haina pupa wala huruma.

"Kanuni ya saba. Shimo la mti wa serikali lisipungue futi tano kwenda chini. Ambalo halijafika futi tano mti wake hautaandikwa. Maswali?"

"Futi tano," alisema mzee mmoja. "Hilo tu ndilo tunalolitaka, bwana karani."

Mama Nambua alimvuta Tatu kando.

"Mwanangu, mashimo yote yanafanana. Nitamjuaje wangu? Nitaanzia wapi?"

Tatu alikuwa ameliwazia hilo usiku kucha, na hakupata jibu lingine.

"Hatutajua, mama. Anzia popote. Atakayetoka mbele yako ni wako, mzike kama wako. Wangu atazikwa na mwingine."

Mama Nambua alijifunga khanga kiunoni, akaenda kwenye bonde la kwanza alilolikuta, akachimba. Maneno yale yalipita shimo kwa shimo bila kupaza sauti, na kila yalipopita majembe yalianza. Vijana wawili wa kikosi cha mabomba waliokuja na Tatu, ambao hawakuwa na mtu wao pale, walichukua yale mawili ya ziada bila kuambiwa.

Tatu alichukua lililobaki, lile la mwisho karibu na goli. Udongo ulikuwa laini, wenye chumvi, ukimchoma michubuko ya viganja. Kutoka hemani alisikia vijiko na kicheko cha Waziri akieleza jinsi watu wake wanavyopenda kivuli. Alichimba mpaka kiunoni. Alichimba mpaka kifuani. Kisha aliweka jembe juu, akapiga magoti, akaendelea kwa mikono.

Aliona kitambaa kwanza, halafu nywele.

Zilikuwa nywele ndefu zilizosukwa. Mkononi kulikuwa na bangili tatu za plastiki, nyekundu, bado nyekundu. Mtu mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, mfupi, binti wa watu, labda hakufikia miaka ishirini. Hemedi alikuwa mrefu, kichwa chake kiligonga kizingiti cha kila mlango.

Tatu alibaki amepiga magoti. Akatazama juu ya ukingo wa shimo, kule ambako vichwa arobaini na viwili vilikuwa vimeinama ardhini, na mahali fulani kati yao kulikuwa na mtu, hakujua nani, aliyekuwa akimwona kaka yake wakati ule ule.

Kivuli kikamfunika. Kasembe alikuwa amesimama juu na daftari lake, kalamu tayari, macho yangali kwenye karatasi.

"Namba arobaini na tatu. Jina la mpandaji, Tatu Mkwizu. Kina, futi tano na kitu. Vizuri. Aina ya mti?"

Kisha alitazama chini.

Miwani ilimteleza puani na hakuirudisha. Kutoka hemani waliita kwamba karani alete orodha, wageni wanaisubiri.

Tatu alivua khanga yake, akaitandaza pembeni mwa yule binti, akaingiza mikono taratibu chini ya mabega yake.

"Shuka," alimwambia. "Wewe shika miguuni. Mimi nitashika kichwani."

Waliita tena kutoka hemani. Kasembe aliweka daftari chini kwenye matope, akavua viatu vyake, akaviweka sambamba ukingoni, na akashuka.